Ini lenye mafuta kwa wagonjwa wa siliaki

Ini lenye mafuta kwa wagonjwa wa siliaki ni hali ambayo mafuta hujikusanya ndani ya seli za ini la mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ugonjwa ambao mwili hauvumilii gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Hali hiyo inaweza kutokea kabla ugonjwa haujatambuliwa, mgonjwa akiwa amekonda, au miaka kadhaa baada ya kuacha ngano, akiwa amenenepa.

Tiba ya siliaki ni kuacha gluteni maisha yote. Hata hivyo kuacha gluteni peke yake hakutoshi kulinda ini: chakula kinachochukua nafasi ya ngano ndicho kinachoamua. Makala hii inahusu watu wazima, na mifano yake ya vyakula inatoka Bumbuli na sehemu nyingine za Milima ya Usambara, mkoani Tanga, nchini Tanzania.

Ugonjwa wa siliaki

Gluteni ni protini inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Kwa mgonjwa wa siliaki, mfumo wa kinga huichukulia gluteni kama adui na katika kuishambulia huharibu ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo kwa kawaida una vinyuzi vidogo sana, mfano wa manyoya ya taulo, ambavyo hufyonza chakula. Vikisawazishwa, chakula hupita bila kufyonzwa vizuri.

Dalili ni pamoja na kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, uchovu na upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma. Wagonjwa wengine hawana dalili za tumbo kabisa. Ugonjwa hurithiwa kwa kiasi: karibu wagonjwa wote wana jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8, ingawa watu wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe.

Duniani inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 100 ana siliaki. Katika Afrika Mashariki hutambuliwa kwa nadra. Mtu mzima anayeharisha na kukonda hupimwa kwanza kifua kikuu, VVU na minyoo, na ni sawa kuanza na hayo kwa sababu ndiyo ya kawaida zaidi. Lakini vipimo hivyo vyote vikiwa safi na tatizo likaendelea, siliaki inafaa kufikiriwa.

Uhusiano wa ugonjwa huu na ngano ulithibitishwa na Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Wakati wa njaa ya mwaka 1944-1945, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mkate uliadimika nchini humo, na hali za watoto wenye siliaki zikawa nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ulirudi pia. Dicke aliandika matokeo ya utafiti wake katika tasnifu ya udaktari mwaka 1950.

Ini lenye mafuta

Ini la mtu mwenye afya huwa na mafuta kidogo. Mafuta yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, huitwa ini lenye mafuta. Mara nyingi hali hii haina maumivu. Kwa watu wengi hubaki hivyo, lakini kwa baadhi yao ini huvimba, hupata makovu, na baada ya miaka mingi hufikia sirosisi, yaani ini kuwa gumu na kushindwa kufanya kazi. Saratani ya ini pia inaweza kutokea.

Pombe ni sababu mojawapo. Sababu nyingine kubwa ni kitambi, kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu. Hali inayotokana na sababu hizo huitwa ugonjwa wa ini lenye mafuta unaohusiana na hitilafu za umetaboli. Jina hilo lilikubaliwa na vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini mwaka 2023. Huwapata zaidi ya robo ya watu wazima duniani.

Njia mbili za mafuta kuingia ini

Kwa mgonjwa wa siliaki mafuta hufika katika ini kwa njia mbili zinazopingana, na mtu mmoja anaweza kupitia zote mbili kwa nyakati tofauti.

Njia ya kwanza ni ya upungufu. Ini hutoa mafuta yake nje kwa kuyafunga pamoja na protini na kuyapeleka katika damu. Protini ikikosekana, mafuta hubaki ndani. Jambo hilo linajulikana sana Afrika kutokana na kwashakoo: mtoto mwenye kwashakoo huwa na ini lililojaa mafuta ingawa ana njaa. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari Cicely Williams huko Gold Coast (Ghana ya leo) katika miaka ya 1930, na baadaye ulichunguzwa sana Kampala, Uganda, na Hugh Trowell na wenzake. Mtu mzima mwenye siliaki ambayo haijatibiwa anaweza kula vizuri na bado akakosa protini, kwa kuwa utumbo wake haufyonzi. Aidha, utumbo ulioharibika hupitisha sumu za bakteria, ambazo hubebwa na damu moja kwa moja hadi ini na kulichokoza.

Njia ya pili ni ya wingi. Mgonjwa akiacha gluteni, utumbo hupona kwa miezi au miaka na kuanza kufyonza kila kitu. Kama anaendelea kula kiasi kilekile alichozoea wakati chakula kilipokuwa kinapotea, nishati inazidi mahitaji. Ziada ya sukari na wanga hugeuzwa mafuta, na sehemu yake huwekwa katika ini.

Utafiti mkubwa wa Uswidi uliotolewa mwaka 2015, uliofuatilia wagonjwa wa siliaki zaidi ya 26,000, ulionyesha kwamba uwezekano wao wa kugunduliwa kuwa na ini lenye mafuta ulikuwa karibu mara tatu ya watu wengine. Uwezekano huo ulikuwa mkubwa zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya siliaki kutambuliwa, lakini uliendelea kuwa juu hata baada ya miaka 15.

Hatari ya njia ya pili ni kwamba inaonekana kama kupona. Mtu aliyekonda kwa miaka akianza kunenepa, ndugu na majirani humpongeza. Kilo za kwanza kweli ni afya inayorudi. Lakini mwili ukishafikia uzito wake unaofaa, kiuno kikiendelea kuongezeka, hiyo si nafuu tena.

Kinachochukua nafasi ya ngano

Katika nchi za Ulaya na Marekani, wagonjwa wengi hununua mikate na biskuti maalumu zisizo na gluteni. Vyakula hivyo mara nyingi hutengenezwa kwa wanga uliokobolewa, huongezwa mafuta na sukari, na huwa na nyuzinyuzi chache. Kwa kiwango cha kimataifa, chakula kilichoandikwa kuwa hakina gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Maandishi hayo yanahusu gluteni tu; hayasemi kwamba chakula hicho ni chema kwa ini.

Usambara hali ni tofauti. Zamani chakula kikuu cha Wasambaa kilikuwa ndizi. Baadaye mahindi na muhogo vilichukua nafasi kubwa. Vyote vitatu havina gluteni kwa asili. Vivyo hivyo mchele, mtama, ulezi, viazi mviringo, viazi vitamu, magimbi, maharage, kunde, karanga, mayai, maziwa, nyama na samaki. Ngano huingia kwa mlango wa chai na vitafunwa: mkate, chapati, maandazi, sambusa, keki, biskuti na tambi.

Mambo yafuatayo ndiyo huliongezea ini mzigo hata kama ngano imeachwa:

- Sukari. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, sawa na vijiko vya chai 8 au 9. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ipunguzwe hadi kama gramu 25. Katika eneo linalolima chai kama Bumbuli, anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kula takriban gramu 48.
- Vyakula vya kukaanga. Chipsi ni viazi tu, lakini hunywa mafuta mengi. Zaidi ya hayo, zikikaangwa katika karai la sambusa au maandazi hupata gluteni.
- Sembe nyingi, mboga kidogo. Ugali wa sembe umekobolewa na hauna nyuzinyuzi nyingi. Dona huhifadhi pumba na kiini.
- Pombe. Bia ya kawaida ina shayiri, hivyo ina madhara mawili. Pombe isiyo na gluteni, kama ile ya miwa, bado hudhuru ini.

Faida ya nyuzinyuzi ilitiliwa mkazo na haohao madaktari wa Afrika Mashariki: Trowell, pamoja na Denis Burkitt aliyefanya kazi Uganda pia, waliona kwamba watu wa vijijini waliokula nafaka zisizokobolewa, ndizi na kunde hawakuwa na magonjwa mengi yaliyoenea Uingereza.

Sahani inayofaa

Kanuni rahisi ni kugawa sahani: nusu iwe mboga, robo iwe wanga, robo iwe protini. Mboga zinazopatikana Usambara ni nyingi, kwa mfano mnavu, mchicha, kisamvu, matembele, kabichi na karoti. Makande ya mahindi na maharage hutoa wanga, protini na nyuzinyuzi katika sufuria moja. Parachichi lina mafuta mazuri, ila lina nishati nyingi, kwa hiyo liliwe kwa kiasi. Matunda yaliwe mazima badala ya kukamuliwa juisi.

Mtu mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5, mafuta ya ini hupungua. Akipunguza asilimia 7 hadi 10, uvimbe wa ini nao hupungua. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 5 ni kilo 4. Kupunguza kufanyike polepole. Mgonjwa ambaye bado amekonda asipunguze uzito: yeye anahitaji protini ya kutosha na utumbo wake kupona. Mazoezi ya dakika 150 kwa wiki husaidia ini hata kama uzito haujashuka, na kutembea haraka milimani au kulima kwa jembe huhesabiwa.

Tahadhari za jikoni na mashineni

Unga wa lishe wa kupikia uji mara nyingi huchanganywa nafaka kadhaa, na ngano huweza kuwa mojawapo. Ni salama zaidi kununua nafaka na kuchanganya nyumbani. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani. Mgonjwa asage asubuhi baada ya mashine kusafishwa, au aache kilo za mwanzo kwa matumizi mengine. Vitumbua vya mchele na bagia za kunde havina gluteni, ila baadhi ya wapishi huongeza unga wa ngano, hivyo ni vizuri kuuliza.

Anayetegemea mahindi na karanga ajihadhari pia na sumukuvu, sumu ya ukungu inayodhuru ini na kusababisha saratani, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yakaushwe vizuri, yahifadhiwe pakavu, na punje zenye ukungu zitupwe.

Nchini Tanzania unga wa ngano wa viwandani huongezewa madini ya chuma na asidi ya foliki, lakini mahindi yanayosagwa kwenye mashine za vijijini kwa kawaida hayaongezewi. Hivyo anayeacha ngano anahitaji maharage, mboga za majani, dagaa au nyama, na pengine vidonge kwa ushauri wa daktari.

Vipimo na ufuatiliaji

Siliaki hupimwa kwanza kwa kutafuta kingamwili katika damu. Mgonjwa asiache ngano kabla ya kipimo, kwa sababu kingamwili hushuka na majibu hupotosha. Kwa watu wazima, kwa kawaida hufuata kipimo cha kamera na kuchukua kipande kidogo cha utumbo, kinachofanyika katika hospitali kubwa za rufaa kama KCMC (Moshi) na Muhimbili (Dar es Salaam). Hospitali ya Bumbuli, iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ndiyo mahali pa kuanzia kwa wakazi wengi wa eneo hilo.

Ini huchunguzwa kwa vipimo vya damu vya vimeng'enya vyake na kwa ultrasaundi. Vimeng'enya vilivyopanda kwa sababu ya siliaki yenyewe kwa kawaida hurudi chini ndani ya miezi 6 hadi 12 baada ya kuacha gluteni. Visiposhuka, daktari hutafuta sababu nyingine: gluteni inayoingia kwa siri, homa ya ini B au C, pombe, dawa, ugonjwa wa kinga kushambulia ini, au ini lenye mafuta. Vikishuka kisha vikapanda tena pamoja na uzito, ini lenye mafuta ndilo la kushukiwa kwanza.

Kwa hiyo katika kila ziara ya kliniki inafaa kupima uzito na mzunguko wa kiuno, na mara moja kwa mwaka sukari na mafuta ya damu. Mgonjwa asirudie ngano kwa kuogopa kunenepa. Arekebishe sahani, si tiba.

Tazama pia

- Ini
- Gluteni
- Kisukari
- Kwashakoo
- Sumukuvu
- Bumbuli