Anga Nayo Ina Mipaka Yake

Kila nikisema najifunza urubani, watu huku Pwani huniuliza: huko juu kuna barabara? Barabara hakuna, lakini mipaka ipo, na asiyeijua asithubutu kupaa peke yake.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeigawa anga katika madaraja saba, A hadi G. Daraja A ni la wanaoruka kwa kutegemea vyombo pekee, kwa hivyo mimi na kindege changu cha viti viwili hatuna ruhusa. B, C na D huingii bila kibali cha waongozaji ndege. Hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganya, nami nilichanganya katika mtihani wa majaribio. Katika B, mwongozaji hutenganisha ndege zote. Katika C hunitenganisha na wanaotumia vyombo, lakini mwenzangu anayeruka kwa macho naambiwa tu yuko wapi. Katika D sitenganishwi na yeyote. Napewa habari, kukwepa ni juu yangu. E inaongozwa ila sisi wa macho hatuhitaji kibali, na F na G haziongozwi.

Tena, kujibiwa si kuruhusiwa. Ukiuita mnara wa Mombasa ukaambiwa usubiri, basi subiri nje ya mpaka.

Halafu kuna sheria za kuruka kwa macho, VFR. Chini ya futi 10,000 lazima uone umbali wa kilomita 5, ukae mita 1,500 kutoka mawingu kwa upande na futi 1,000 kwa juu au chini. Kutoka futi 10,000 kwenda juu, kilomita zinakuwa 8. Katika F na G, ukiruka chini sana, inatosha kutoingia winguni na kuiona ardhi au bahari, lakini zile kilomita 5 zinabaki.

Nilidhani ni tarakimu za kukariri tu. Msimu wa kusi uliopita tulitoka Malindi kuelekea kusini, na karibu na Kilifi mvua ikaingia kutoka baharini. Mawingu yalikuwa yakishuka.

"Mwalimu, nikishuka kidogo tutapita."

"Mwanangu, ukishuka nayo yakashuka, utabaki na nini?"

Tukageuza. Malindi bado ilionekana vizuri, tukakaa huko tukinywa chai mpaka kulipotulia. Nilinuna, nakiri.

Baadaye alinieleza kisa cha John F. Kennedy Jr., Marekani, usiku wa Julai 16, 1999. Hakuwa na cheti cha kuruka kwa vyombo. Juu ya maji, katika giza na ukungu, alipoteza mwelekeo, ndege ikaanguka baharini karibu na Martha's Vineyard. Alikufa yeye, mkewe na shemeji yake. Upeo wa macho ukipotea, sikio hukudanganya: ndege inalala upande, wewe wahisi imenyooka.

Sasa kabla ya kupaa natafuta kwenye ramani alama mbili za nchi kavu zilizoachana kilomita 5. Nikifika ya kwanza nisiione ya pili, nageuza. Wiki ijayo naruka njia ileile ya Kilifi, mara hii bila mwalimu, na alama zangu nishaziandika kwenye karatasi ninayoifunga gotini.