Dubai–Guangzhou: masaa mangapi hewani?

Wadau, swali hili nalisikia sana hapa Kitomanga, hasa ufuta ukishauzwa na vijana wakaanza kuiota China. Mtu anakuja na tiketi: ndege inaondoka Dubai 10:30, inatua Guangzhou 22:00. Anahesabu vidole, "Kaka, masaa kumi na moja na nusu!" Kurudi inaondoka 00:15, inatua Dubai 05:00. Masaa manne na dakika 45. Sasa hiyo mbio imetoka wapi?

Hakuna mbio. Tiketi inaandika saa ya kule ndege iliko. Dubai wako mbele yetu kwa saa 1, Guangzhou kwa saa 5, kwa hiyo kati yao kuna saa 4. Ukienda China toa 4, ukirudi ongeza 4. Kwenda ni masaa 7 na nusu, kurudi ni 8 na dakika 45.

Bado kurudi kumezidi saa 1 na robo, wakati umbali ni ule ule, kilomita 5,800 hivi. Huo ni upepo. Kilomita 10 hivi kwenda juu, njia hiyo ina mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na mkali wake ni Desemba hadi Februari. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakupiga usoni. Sisi wa pwani ya Kilwa na Lindi tusishangae, majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Ila nahodha wa jahazi alisubiri upepo ugeuke. Rubani hasubiri, anachoma mafuta tu.

Na kupitia Dubai ni kupiga kona. Dar mpaka Dubai ni karibu kilomita 4,000, jumla 9,800 hivi. Dar mpaka Guangzhou kwa mstari mmoja ni kama 8,700. Kona hiyo peke yake inazidi mara mbili ya barabara ya Dar hadi Lindi mjini!

Sasa penye hatari. Tiketi ya kurudi imeandikwa Jumamosi 00:15. Hiyo ni saa sita na robo ya usiku wa kuamkia Jumamosi, maana yake Ijumaa jioni uwe tayari uwanjani. Ukienda Jumamosi jioni, ndege imeshaondoka tangu usiku uliopita. Tiketi nyingi za bei rahisi hazibadilishwi bure, na visa ikiwa ukingoni, mtaji wa ukoo mzima unaliwa hapo. Cha ajabu, bibi yangu hawezi kuikosa ndege hiyo. Kwa hesabu za wazee wa pwani siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumamosi kwao ndio huo huo unaotangulia mchana wake. Sisi wa simu za mkononi ndio tunaochanganya.

Muda wa kusubiri Dubai hauhitaji kutoa wala kuongeza, saa zote mbili ni za kule kule. Umetua 23:20, unaondoka 10:30, unakaa masaa 11 na dakika 10. Beba sweta, ndani kule baridi ya viyoyozi si ya mchezo.