Umeme wa Ofisini ni Jambo la Wafanyakazi Wote

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, huenda mtauliza kompyuta za ofisini zinatuhusu nini sisi tunaoshika majembe na mashine. Zinatuhusu sana. Kila tunapoketi na menejimenti kuzungumzia mishahara, tunasomewa kwanza hesabu ya umeme na dizeli. Basi na tutazame sehemu moja ya gharama hizo, ambayo haitajwi.

Wenzetu wa Omugo, wilaya ya Terego iliyokuwa sehemu ya Arua mpaka 2020, wanaijua thamani ya umeme. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ambayo imefika huko katika miaka hii ya 2020 tu. Mtambo wa maji wa Nyagak, ulioanza kazi 2012, una uwezo wa megawati 3.5. Vijijini ofisi nyingi hutegemea sola na betri, na hapo ubadhirifu hauna pa kujificha: kompyuta iliyoachwa inawaka usiku hula betri ile ile ambayo ingemwangazia mkunga saa 9 za usiku. Tena betri ya asidi ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema, na kununua nyingine si mchezo.

Kwenye kiwanda chenye umeme wa waya hasara ni hiyo hiyo, ila imefichwa ndani ya bili. Tufanye hesabu. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, isipowekwa ilale yenyewe, huweza kula wati 100 hivi. Kumi zikiachwa tangu Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi, ni saa 63, yaani yuniti 63. Ongeza usiku 4 wa katikati ya wiki, yuniti 60. Jumla 123 kwa wiki moja, na hakuna barua hata moja iliyopigwa! Kwa yuniti hizo, taa ya LED ya wati 9 kwenye njia ya kambi yetu ingewaka saa 12 kila usiku kwa zaidi ya miaka 3.

Wengine hudhani picha zinazochezacheza kwenye kioo huokoa umeme. Haziokoi, kioo bado kinawaka. Mashine ya fotokopi nayo ina sehemu inayopashwa moto ili iwe tayari, hata kama hakuna anayenakili. Dawa ni kuzima swichi ya ukutani. Friji ya chanjo na mitambo inayotakiwa kuwaka daima isiguswe.

Hatukubali, hata hivyo, kosa hili atwishwe mfagizi au askari wa usiku, ambao mara nyingi hawaruhusiwi kugusa mashine hizo. Anayezitumia ndiye azime, awe karani au meneja.

Kamati za matawi zianze hivi. Mjumbe mmoja na karani mmoja wasome mita Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, wiki 4 kabla ya kuanza kuzima na wiki 4 baadaye, katika kazi za kiasi kile kile. Tarakimu ziandikwe daftarini na wote wawili watie sahihi. Daftari hilo liwekwe mezani siku ya mazungumzo ya mishahara, pamoja na dai la sehemu ya fedha zilizookolewa.