Robo Raundi

Fika Grogan Sato asubuhi, kabla wasee wa spea wafungue makufuli, na utaskia gari ya kitambo ikitafuta pumzi. Inakohoa, inatetemeka, inakohoa tena. Halafu kuna mtu anagusa kitu kidogo na bisibisi na mngurumo unatulia, unakuwa mmoja, laini, ka mtoi amelala baada ya kulia usiku mzima. Hapo penye inatulia ndio palinifanya nipende kabureta, na naipenda kinoma.

Ndai yangu ni Corolla DX. Jina yake ya kiwanda ni KE70, injini ni 4K ya cc 1290. Toyota walitoa hiyo shepu 1979, na miaka ya 80 Kenya ilijaa nazo, za walimu, za makarani, za wasee wa teksi. Hii ilikuwa ya mbuyu. Ilitupeleka shule, ikatubeba shagz kila Disemba na magunia kwa buti, halafu ikapaki nyuma ya keja huku Buru hadi vumbi ikaifunika. Siku moja mbuyu akanirushia funguo akasema, "Ukiiamsha, ni yako."

Kuamka iliamka. Ngori ilikuwa kukaa macho. Ikifika kwa mataa inadedi. Ukikanyaga mafuta inasita kwanza, halafu inapiga "paf!" kupitia juu kwa kabureta. Kupanda mlima inachemka. Garage moja iliniambia kabureta imeisha, nitoe ganji ninunue ingine. Mathe alikuwa ashachoka na harufu ya petroli kwa nguo zangu. Mimi nikaifungua, nikaifunga kwa gazeti, nikashuka nayo Kirinyaga Road, hapo Grogan, kusaka mzee mmoja kila msee alinielekeza kwake.

Mzee habongi sana. Aliipanua juu ya meza, kila skrubu akiipanga vile imetoka. Akafika kwa jeti kubwa, akaiinua ikitazama jua, akanyamaza, akanipea. "Kijana, unaona nini?"

Ndani ya katundu kulikuwa na uzi moja ya waya ya stima, nyembamba ka unywele. Kuna mtu alikuwa ameichomeka hapo ati ndio gari isimange mafuta.

Manze, hii kitu inaniuma hadi leo, ju hiyo waya ilikuwa inaua injini ya mbuyu mos mos. Cheki venye kabureta inafanya kazi. Haisukumi mafuta. Pistoni ikishuka inanyonya hewa, hewa inapitia koo nyembamba, na ikipita hapo inakimbia na presha yake inashuka. Hiyo presha kushuka ndio inavuta petroli itoke kwa bakuli yake ipitie jeti. Tundu ya jeti ilipimwa na watu walioketi wakapiga hesabu, ju kilo 1 ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa ndio iungue yote. Ukiziba tundu, hewa inazidi. Moto unawaka pole pole, unachelewa kuisha, na vavu ya kuingiza ikifunguka unapata bado kuna kitu inawaka ndani. Hiyo ndio "paf." Na hiyo joto yote inakalia vavu na kichwa ya injini.

Waya ikatoka. Mzee akaloweka vyuma, akapuliza kila njia na kompresa, hakudunga tundu yoyote na kitu ngumu, akaweka gasketi mpya, sindano mpya ya floti, na ngozi mpya ya kapampu. Jioni ikawa inang'aa. Nikavuta ndai hadi kwa mzee, na nilikuwa najua tukifunga kabureta kwa injini tumemaliza.

Tulikuwa tumeanza tu. Nilishika bisibisi nikitaka kutyuni, mzee akaichukua kutoka kwa mkono yangu akaiweka kwa mfuko. "Kabureta ni ya mwisho." Akanituma kwa plagi kwanza. Halafu pointi za distributa, milimita 0.45, si kwa kukadiria, na fila. Halafu vavu, injini ikiwa moto: 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutoa moshi. Halafu taimingi, digrii 8 kabla pistoni ifike juu. Hiyo ilikula siku yangu mzima. Lakini kufikia vavu ya mwisho gari ilikuwa inanguruma tofauti na hakuna mtu ameguza kabureta bado. Pointi zilikuwa zimefungana karibu kugusana, na miaka yote lawama ilikuwa inaangukia kabureta.

Halafu akaokota kipande ya mpira, ka mita moja hivi, akaniambia nichomeke upande moja kwa sikio. Upande ule mwingine nikaupitisha pole pole chini ya kabureta, penye imekalia injini, na kwa kila mpira ya vakyumu, nikichunga feni. Nikafika nyuma, upande wa breki, nikaskia "ssss" ka nyoka. Mpira ya buster ilikuwa imepasuka kidogo tu. Hewa inayoingia hapo haipitii kabureta, kwa hivyo haina mafuta, na unaeza zungusha skrubu hadi kesho na silinda hazitawai kubaliana. Tukabadilisha mpira. Hakuna kifaa nimewai shika yenye imenifunza vitu mingi ka hiyo mpira kwa sikio.

Kabureta ya hii Toyota iko na kioo kidogo mbele ya bakuli. Unachungulia unaona petroli imefika wapi, na inafaa ikae katikati ya kioo. Ikipita, floti iko juu sana na gari itakunywa. Yetu ilikaa sawa. Halafu, injini ikiwa imezimwa, unaangalia ndani ya koo ukivuta waya ya mafuta, na unafaa uone kapampu ikitema uzi ya petroli hapo hapo. Ikichelewa kutema, hiyo ndio kusita unaskianga ukikanyaga.

Sasa bisibisi ikarudi kwa mkono yangu.

Skrubu ni mbili. Moja inashikilia mwendo ya chini, gari ikinguruma bila mtu kukanyaga. Ingine ni ya mchanganyiko, ukiirudisha ndani unapunguza petroli, ukiitoa nje unaongeza. Hii ya pili ukiifunga usiikaze. Ikigusa, wacha hapo, ju ncha yake ni nyororo na ukiifinya inachongeka mfereji na haitatyunika tena. Kutoka penye imegusa tulirudi nje raundi mbili na nusu, tukawasha, tukangoja injini ishike moto yake yote na choki ifunguke.

"Sasa nyamaza," mzee akasema.

Ukiirudisha ndani kidogo, injini inaanza kupungukiwa. Inatetemeka, inaruka pumzi. Ukiitoa nje inapanda, inachangamka, halafu ukizidisha inakuwa nzito, moshi inanuka, mngurumo unakuwa ka wa mtu ameshiba sana. Katikati ya hizo mbili kuna mahali pamoja, padogo, pa robo raundi hivi, penye inakimbia vizuri kuliko pote. Ukipapata unashusha mwendo na ile skrubu ingine, unarudi kwa mchanganyiko, unasaka tena, unashusha tena, hadi inakaa kwa mizunguko ka 750 kwa dakika. Mwisho kabisa unairudisha ndani kidogo tu, ka upana wa kucha. Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya nne ndai ikatulia, na mzee akaenda kunywa chai bila kusema kitu.

Kuna msee alipita akachomeka geji ya vakyumu akashtuka, ju ilisoma inchi 13 na vitabu vinasema ianzie 17. Akasema ringi zimeenda. Hizo vitabu ziliandikiwa watu wanaishi karibu na bahari. Geji inashuka ka inchi 1 kwa kila futi 1,000 unapanda, na Nai tuko juu zaidi ya futi 5,000. Hiyo 13, na mshale umetulia hautingiki, ni injini iko sawa. Inaniuma kufikiria ni injini ngapi zimepanuliwa hapa bure ju ya hiyo hesabu.

Kesho yake nikaipeleka Ruiru na kurudi, nikafungua plagi. Nyeusi ya masizi ingemaanisha petroli imezidi, nyeupe ingemaanisha hewa. Zote nne zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikampigia mbuyu picha, akaomba nimtumie tena, kwa karibu.

Mwezi uliofuata tukashuka Mombasa, mimi na yeye. Hewa ya Nai ni nyepesi kuliko ya baharini kwa karibu asilimia 15, kwa hivyo kabureta ikityuniwa huku, ukishuka inapata hewa nzito na mafuta haipandi sawa na hewa. Wasee wa Safari Rally waliishi na hii stori. Shekhar Mehta alishinda mara 5, 1973 na Datsun 240Z, halafu 1979 hadi 1982 mfululizo na Violet, na hizo zote zilikuwa ndai za kabureta. Sisi tulianza kuiskia baada ya Voi. Nguvu ilikuwa mob, gari inavuta vizuri kuliko Nai, lakini tukisimama mngurumo unakuwa na kashimo ndani yake.

Kufika Kisauni, anko akatoka nje akasimama kando ya boneti. "Mbona gari lasinzia?"

Nikampigia mzee wa Grogan. Nilianza kumweleza, akanikatiza. "Weka simu karibu na injini. Halafu usibonge."

Nikaishikilia juu ya kabureta. Mbuyu akasimama upande ule mwingine, mikono nyuma, kichwa imeinama. Dakika mzima hivi. Halafu sauti ikatoka kwa simu:

"Robo. Toa nje."