Kabla ya Kuuza Nyavu: Mzazi na Aijue Shahada Anayoilipia

Gitaza ni mahali ambapo barabara kuu namba 3, itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, hupita kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Katika mwambao huo karo ya mtoto hutoka majini na shambani: kwa ndagala, kwa mukeke ambao watu wa Kigoma huuita mgebuka, kwa mawese na mihogo.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Kijana amekwisha kupata shahada ya kwanza. Anarudi nyumbani na kusema, "Baba, Mama, nataka kuendelea." Baba anazitazama nyavu zake. Mama anawafikiria wadogo wawili ambao bado wako shule. Wote wawili wana haki ya kuuliza: kuendelea wapi?

Kwanza wazijue ngazi. Nchini Burundi, ambako Chuo Kikuu cha taifa kilianzishwa mwaka 1964, lisansi ya zamani kwa kawaida ilichukua miaka 4. Sheria ya mwaka 2011 ilileta utaratibu mpya: miaka 3 kwa shahada ya kwanza, miaka 2 kwa shahada ya uzamili, kisha isiyopungua 3 kwa uzamivu, yaani udaktari wa falsafa. Kwa hiyo mzazi mwenye lisansi ya zamani asidhani kuwa mwanawe amekatishwa masomo.

Pili, wajue kuwa juu ya shahada ya kwanza njia hugawanyika. Iko njia ya utafiti. Mwanafunzi huchagua swali moja, kwa mfano uzazi wa ndagala, akalichunguza chini ya msimamizi na kuandika tasnifu. Njia hiyo humfaa atakaye kufundisha chuo kikuu au kufanya kazi katika taasisi za uchunguzi. Neno uzamivu lenyewe latokana na kuzama, na mtu wa ziwani anajua kuwa hazamii kila mtu.

Iko pia njia ya taaluma, kama vile uganga, sheria na uhasibu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani mara nyingi shahada peke yake si ruhusa ya kufanya kazi. Nchini Tanzania, mwenye shahada ya sheria hawi wakili mpaka apitie mafunzo ya vitendo katika taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Daktari wa tiba husoma miaka 5, kisha hufanya mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi. Akitaka ubingwa, hurudi darasani miaka 3 au zaidi. Wala daktari huyo wa kutibu siye yule daktari wa falsafa. Jina ni moja, kazi mbili.

Basi, kabla ya kitu chochote kuuzwa, nyumba iulize mambo matatu.

La kwanza: kazi anayoitaka kijana inadai shahada gani? Jibu litafutwe kwa waajiri na kwa chama cha taaluma hiyo, lisitafutwe kwa chuo kinachosaka wanafunzi peke yake.

La pili: shahada hiyo itatambuliwa wapi? Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo kila nchi ina chombo chake cha kupima vyeti. Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu. Yafaa kuuliza mapema.

La tatu: gharama zote ni kiasi gani? Karo ni sehemu tu. Kuna chumba, chakula, uchapaji wa tasnifu, na miaka ambayo kijana hataleta mshahara nyumbani. Aulize pia kama kuna ufadhili.

Huenda majibu yakaonyesha kuwa heri kijana afanye kazi kwanza, ajue anachokihitaji, ndipo arudi chuoni. Hiyo si aibu. Huenda pia yakaonyesha kuwa safari inafaa, na anayestahili kusafiri ni binti. Hapo nyumba nzima na imsaidie.

Lakini wazazi wakumbuke kubakiza wavu mmoja. Wale wadogo wawili nao wanasubiri zamu yao.