Utangulizi: Mwani na Mafuta Majini

Mkaazi wa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, ameshaona nusu ya somo hili. Boti ya injini ikiondoka, petroli na oili huacha utando unaometameta juu ya maji. Na majira ya joto ziwa lenyewe hugeuka kijani kwa mwani mdogo mno. Je, mwani huo unaweza kusafisha mafuta?

Mwaka 1975 watafiti Walker, Colwell na Petrakis walionyesha kwamba Prototheca zopfii, mwani usio hata na ukijani, huvunja mafuta ghafi. Lakini usiishie hapo, ndugu msomaji. Vita vya Ghuba vya 1991 vilichafua fukwe kwa mafuta ghafi, na mwaka uliofuata watafiti wa Kuwait waliandika kwamba juu ya mafuta hayo kulikuwa kumeota utando mnene wa sayanobakteria, jamaa wa mwani, wenye ute uliojaa bakteria wanaokula mafuta. Wengi wakausifu utando. Mwaka 2005 watafiti Abed na Köster walichunguza ushirika kama huo wa sayanobakteria na bakteria, wakakuta kwamba mlaji hasa ni bakteria.

Mimi hapo ndipo nilipolipenda somo hili. Bakteria wanahitaji oksijeni ili wavunje mafuta kwa kasi, na tabaka la mafuta huizuia hewa kuingia majini. Mwani, jua likiwaka, huizalisha oksijeni hiyo palepale kazi inapofanyika. Kwa hiyo tunachunguza ushirika, si kiumbe mmoja.

Kenya inauhitaji ujuzi huu. Mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa 2012 na kuanza kupelekwa Mombasa kwa malori 2018, yana nta nyingi; yakimwagika na kupoa huganda, na donge likishaganda bakteria hulila kwa nje tu.

Hata hivyo, asije mtu akamwaga mwani Naivasha. Ziwa hili tayari limelemewa na mbolea na maji taka. Mwani ukizidi, ukafa na kuoza, humaliza oksijeni na samaki hufa. Sayanobakteria wa jamii ya Microcystis, wanaopatikana humo, wanaweza hata kutoa sumu. Naona heri bwawa lililojengewa kando, lenye mwani wa hapahapa, la kutibu maji machafu ya gereji kabla hayajafika ziwani. Atakayelijaribu apime oksijeni mchana, na alfajiri pia, kwa maana usiku mwani huivuta badala ya kuitoa.