Fremu ya Kapi ya Kuinulia Injini Karakanani

Mkulima akitaka kushusha injini ya pampu kutoka kwenye trela, mara nyingi huwaita majirani wanne, wakaibeba kwa mti mabegani. Mmoja akiteleza, wote hulemewa, na mguu ulio chini huvunjika. Fremu ya mbao yenye kapi na magurudumu huwezesha watu wawili kuifanya kazi hiyo bila hatari. Wakulima wa skimu wenye ploti jirani waweza kuitengeneza kwa shirika na kuiweka katika banda lenye sakafu ya simiti.

MBAO. Chagueni mbao kavu za mkaratusi, zisizo na nyufa wala vifundo vikubwa. Boriti ya juu iwe ya inchi 6 kwa 4, na ubavu wa inchi 6 usimame wima, kwani boriti iliyolazwa bapa hupinda upesi. Kila upande uwe na miguu miwili ya inchi 4 kwa 3, iliyokutana juu na kupanuka chini kama herufi A. Kimo kiwe futi 8, na upana wa chini futi 5. Msiupunguze upana huo, maana fremu nyembamba hupinduka ikisukumwa. Kati ya upande na upande ziwe futi 6. Kazeni kila kona kwa ubao wa mshazari, na tumieni bolti za nusu inchi, si misumari.

MAGURUDUMU. Yawe manne ya chuma, kila moja liweze kubeba kilo 150, kwa kuwa sakafu isiponyooka mzigo huegemea matatu tu.

KAPI. Ziwe mbili, kila moja yenye vigurudumu viwili. Ya juu ifungwe katikati ya boriti kwa mnyororo ulioizunguka. Kamba ikipita mara nne, mzigo wa kilo 160 hugawanyika kilo 40 kwa kila mkondo. Utavuta kilo hizo na zaidi kidogo kwa ajili ya msuguano. Lakini ili mzigo upande futi 1, lazima uvute kamba futi 4. Kamba haijizuii yenyewe, kwa hiyo ifungeni kwenye mguu wa fremu kabla ya kuiachilia.

KUJARIBU. Inueni magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 pamoja na debe la maji, jumla yapata kilo 200. Yaning'inie inchi 6 juu ya sakafu kwa saa moja, kisha kagueni boriti na kila bolti. Ikistahimili, katika kazi msipite kilo 160. Injini kubwa ya kinu cha posho yaweza kupita kilo 300, nayo haifai kuinuliwa kwa fremu hii.

KUTUMIA. Wekeni kabari kwenye magurudumu wakati wa kuinua. Kabla ya kuhama, teremsheni mzigo ukaribie sakafu, kisha sukumeni fremu polepole, si mzigo. Wala mtu asiingize mkono au mguu chini ya injini inayoning'inia. Ikalisheni kwanza juu ya magogo imara, ndipo fundi aanze kazi.